Deni la Mbuzi wa Aregae

Lodwar, 18 Mei 2025

Mama mpendwa,

Ejok? Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la Kakuma? Mimi mzima, ila bweni hili linatuchemsha kama viazi.

Nakuandikia yale nisiyoweza kusema nikikuangalia usoni. Likizo nilikusikia ukimsihi Deng wa dukani akungoje hadi mwisho wa Juni, asiiuze cherehani yako aliyoishika rehani kwa vitambaa ulivyokopa. Najua pia mkopo wa simu. Na pesa za yule mbuzi ambaye jirani yetu Mama Aregae alimwuza ili mimi nipate godoro na sanduku la shule. Nikilalia godoro hilo namwona mbuzi.

Nilimwuliza Mwalimu Kipchumba wa biashara. Kwa aibu nikasema ni madeni ya rafiki. Akasema, "Mwambie huyo rafiki, anayelipa yote kidogo kidogo hamalizi hata moja. Amalize moja, hela ya hapo aihamishie la pili. Na asikope ili alipe mkopo." Anza na Mama Aregae. Deni lake ndilo dogo, likiisha utapata moyo.

Bintiyo, Maryanne

Kakuma, 8 Juni

Mwanangu,

Ejok-noi. Kifua kimetulia, sifa kwa Mungu. Barua yako nimeicheka, kisha nikafunga mlango nikalia kidogo. Eti rafiki!

Nilifuata ushauri. Hela yote ya mandazi nikaifunga kwenye leso, nikampelekea Aregae. Aliziangalia noti kama nimemletea nyoka.

"Jerusha, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nataka tu tumalizane."

"Tumalizane! Sisi huku humpa mbuzi mtu tunayempenda. Siku nikikosa, nakuja kwako naomba, na huwezi kuninyima. Sasa wewe unanilipa kana kwamba mimi ni mwenye duka?"

Akaingia ndani, akaniacha nimesimama na leso yangu. Tangu siku hiyo hapiti kwangu. Miaka yote hii toka tuhame Bungoma, kumbe bado mimi mgeni hapa. Na Juni inaisha. Nifanye nini?

Mamako

Lodwar, 15 Juni

Mama,

Pole sana, na kula, usije ukaugua. Mimi ndiye niliyekupotosha.

Nilimweleza Asekon, ninayelala naye vitanda jirani. Kwao ni Nariokotome, mwenyeji wa huku. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe hata mimi nina kosa hilo la kulipa haraka. Akinipa sukari, kesho yake asubuhi namrudishia kijiko kile kile. Nilidhani ni adabu. Akaniambia, "Wewe hurudisha haraka kama mtu anayehama." Mama, huwa nakula peke yangu. Sikuwahi kukuambia.

Basi hela ya leso peleka kwa mkopo wa simu, ndio unaonenepa kila wiki. Deng usimkimbie, mfuate. Mwambie cherehani iliyofungiwa haimlipi mtu. Akuachie umshonee nguo za duka, akate deni humo humo. Na kwa Mama Aregae usiende na pesa. Nenda ukaombe kitu.

Bintiyo

Kakuma, 29 Juni

Mwanangu mpenzi,

Umelala salama? Mimi nimelala kama mtoto.

Nilikwenda kwa Aregae nikaomba maziwa. Alinitazama, halafu akapiga makofi. "Mbuzi hujamlipa, na maziwa pia unataka!" Akanijazia kibuyu mpaka juu.

Mkopo wa simu umekwisha, kwa hela ya leso na ya mandazi ya wiki hizi. Simu imenyamaza hadi nikadhani imekufa. Deng naye alinung'unika: "Mama Maryanne, huyo mtoto anasomea biashara au ujambazi?" Lakini amekubali. Namshonea sare, nusu ya ujira inakata deni, nusu natia mfukoni. Cherehani iko nyumbani, naandikia juu yake.

Mteja wa kwanza alikuwa Aregae. Anataka gauni la kanisani. "Nitalipa siku moja," akasema. Nikamwambia asiharakishe.

Mamako

Lodwar, 6 Julai

Mama,

Ejok? Nimefurahi mpaka nimeisoma barua yako chooni, wenzangu wasinione nikicheka.

Juzi Asekon alinipa sukari ya uji. Sijarudisha. Jana akanipa tena. Mkono uliniwasha nirudishe, lakini nikajizuia. Usiku akaja kuketi kitandani kwangu, tukapiga stori mpaka matroni akagonga mlango.

Leo amechukua sabuni yangu akaenda nayo mtoni na wenzake. Alipofika mlangoni akageuka, "Si uje?"

Naacha kuandika hapa, wananingoja.

Bintiyo mwenye deni,
Maryanne