Kondoo wa Mfano

Jumatatu, 4 Agosti
Nimesafisha mabanda kabla ya chai. Feni imekufa tena. Garissa inatukaanga.

Mkuu wa maabara ameuliza kwa mara ya mia kwa nini kondoo, si panya. Nimemweleza. Homa ya Bonde la Ufa humuua panya upesi mno, hatuoni kitu. Nyani sitaki hata kumsikia. Kondoo mwenye mimba ndiye anayeugua kama wanavyougua mifugo wa huku: mvua ikizidi, mimba zinatoka banda zima. Chanjo tunayoijaribu ikimlinda yeye, tumeshinda. Amekubali, shingo upande.

Jumanne, 5 Agosti
Soko la mifugo. Ukame umefagia, wenye mimba ni wa kutafuta kwa tochi. Nikasimama na Kiswahili changu cha Kitui, nikatangaza kwamba tunanunua wanyama wa mfano kwa utafiti. Nikajiona bingwa wa lugha.

Mama mmoja wa upande wa Bura, Habiba, ameleta mmoja tu. Kichwa cheusi, mnono kuliko wote. Amempangusa vumbi kwa shungi lake mwenyewe. Nimempenda huyo mama.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumewagawa kondoo kwa kura. Nusu wamechanjwa. Wa Habiba kaangukia upande usio na chanjo.

Alhamisi, 28 Agosti
Leo wote wametiwa virusi. Wa Habiba hakuhangaika. Alinusa glavu yangu. Sipendi wakinusa.

Jumamosi, 30 Agosti
Habiba getini. Amekuja kwa lori la mchanga. Anauliza kondoo wake amezaa? Atarudi lini?

Nilidhani anatania. Si tulimlipa? Kisha nikaelewa. Sisi tukisema mnyama wa mfano, tunamaanisha yule anayeugua badala ya wengine, ili tuone ugonjwa unakwendaje. Yeye alisikia kama mwanafunzi wa mfano, shamba la mfano. Aliye bora. Wa kuonyeshwa watu. Akaleta kondoo wake bora, wa pekee aliyebaki baada ya ukame, ili tumtunze, azae, arudi na mtoto. Zile pesa alidhani ni zawadi ya ushindi.

"Wewe ulisema mfano, daktari."

Nilisema. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Nikamwambia nitamletea habari. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 31 Agosti
Nimemwomba mkuu tumwachilie. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema aliyetiwa virusi hatoki pale akiwa hai, angeua kijiji. Nilijua kabla ya kuuliza. Joto lake limepanda. Hali chakula.

Jumatatu, 1 Septemba
Bado hali. Nimekaa naye kuliko inavyotakiwa.

Jumatano, 3 Septemba
Mimba imetoka. Kitoto kimekamilika, jike, kwato laini. Mama yake ameshindwa kusimama. Nimemdunga sindano ya mwisho mimi mwenyewe, sikutaka mkono mwingine. Wote wawili wameingia kwenye tanuri.

Waliochanjwa wanakula vizuri. Hakuna mimba iliyotoka. Wenzangu wanapongezana na wana haki. Mimi nimejifungia chooni nikalia.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimekwenda Bura baada ya swala. Habiba alinitandikia mkeka. Nilikataa chai mpaka niseme. Nikasema yote: mfano ni nini kwetu, sindano, homa, mimba. Nikasema kosa ni la ulimi wangu. Nikasema pia kwamba chanjo inafanya kazi, ikasikika vibaya, kama najitetea.

Habiba akauliza kama nyama angalau ililiwa na mtu. Nikasema ilichomwa. "Hata ngozi?" Hata ngozi. Hapo ndipo alipofumba macho.

Halafu akauliza, "Toto yake ilikuwa dume ama jike?"

Dume angemwuza tu. Jike ndiye kundi jipya. Nilijua, na neno dume lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema jike.

Aliitikia kwa kichwa. Akamimina chai, maziwa mengi, akanisogezea kikombe.

"Bole, daktari," aliniambia, kama vile mimi ndiye niliyefiwa.

Nikanywa. Tulikaa hadi jua likapoa.