Maboksi Tisa ya Baba

Kijijini, Mto Kuskokwim, Alaska
19 Agosti 2021

Dada yangu Okalena,

Salaam nyingi. Natumaini umefika salama Anchorage na kifua kimepoa. Sisi hapa hatujambo kidogo. Mke wangu Nastasia tumbo limeshuka, wakunga wanasema wiki nne. Masikio yangu ndiyo yale yale, bunduki zimeyamaliza, kwa hiyo usihangaike kupiga simu. Naishia kusema "eeh, eeh" huku sijui nimekubali nini.

Leo ni siku ya saba tangu Baba afe. Padri amehesabu, arobaini itaangukia tarehe ishirini na moja Septemba. Kibali cha kuwinda kwa ajili ya msiba nimeshapewa. Unajua watu watakuja na njaa yao na kumbukumbu zao, na hawatakuja kula kuku wa dukani. Baba yetu Evon, aliyelisha kijiji hiki miaka hamsini, hawezi kuagwa bila nyama ya kulungu. Kulungu dume mmoja wa huku kwetu, mzito kama farasi, anatosha, sufuria zote zitajaa.

Sasa sikiliza. Jana nilifungua sanduku lake kule kibandani. Wakati wa Pasaka niliyahesabu kwa macho yangu, maboksi tisa ya risasi za bunduki yake. Dada, sanduku ni tupu. Nimepata risasi tatu tu, kwenye mfuko wa koti lake, pamoja na pipi.

Dukani kwetu boksi moja walikuwa wanauza dola mia na kumi, na sasa yamekwisha yote. Mwenye duka analaumu meli, nahodha wa meli analaumu kiwanda. Mimi simlaumu hata mmoja wao, mimi natafuta mwizi. Anayeingia na kutoka kibandani kwetu ni mzee Matfi peke yake, mwenzake Baba wa kuwinda, na bunduki yake inakula saizi ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wewe huko dukani unakofanya kazi unasimama mbele ya rafu ya risasi siku nzima. Niwekee maboksi mawili tu, unitumie kwa posta.

Mdogo wako,
Zakar


Anchorage
27 Agosti 2021

Mdogo wangu Zakar,

Nimepata barua yako nikiwa mzima, ila miguu imevimba. Mpe Nastasia pole, mwambie asibebe maji. Namuota Baba kila nikifunga macho, na kwenye ndoto ananiuliza kama nimekula.

Hiyo rafu unayoisema, mdogo wangu, ina vumbi. Mzigo ukija tunapata katoni mbili au tatu, na kuna watu wamepanga foleni nje tangu saa kumi na mbili asubuhi na viti vyao vya kukunja. Boksi moja kwa mtu mmoja. Baada ya nusu saa hakuna kitu, halafu kazi yangu halisi inaanza, yaani kutukanwa mpaka jioni.

Ningekuwa naandika wanayosema ningejaza daftari. Mzee mmoja wa kofia nyekundu anasema ni serikali, inazinunua zote ili watu wasiwe nazo. Wa nyuma yake anasema serikali haina akili hiyo, ni viwanda vinaficha ili bei ipande. Mama mmoja anasema ni ugonjwa, wafanyakazi wamelala majumbani. Mwingine anasema ni wale waliopata hofu mwaka jana wakanunua bunduki ya kwanza maishani mwao. Huyo aliyesema hivyo, Zakar, nilimwona kwa macho yangu akija na mke, wakwe na binti zake watatu, kila mmoja na boksi lake. Nilipomuuliza za nini, akanijibu, "Kwa sababu zimeadimika." Na wote wakimaliza kubishana wanageuka kuniangalia mimi. "Wewe unazo huko nyuma, unawawekea ndugu zako." Mmoja alisema ndugu zangu wa mtoni, akacheka.

Sijawahi kuweka hata moja, na sitaki maneno yao yawe kweli. Sisi wafanyakazi tunaruhusiwa kununua kilichobaki jioni, na jioni hakibaki kitu. Posta nayo haipokei risasi, ni kosa la kufungwa. Abiria anaweza kubeba kwenye mizigo yake ya ndege, lakini nauli ilikwisha kwenye mazishi.

Na Matfi mwache. Yule alimvua Baba viatu alipokuwa anakata roho. Mwizi hafanyi hivyo.

Dadako,
Okalena


Kijijini
4 Septemba 2021

Okalena,

Leo sikuulizi hali. Yako naijua, una paa, una mshahara, na una sheria.

Risasi ya kwanza nimeitumia kuipima bunduki, maana ilianguka siku ya msiba ikawa inapiga kando. Ya pili nilimpigia dume juzi kwenye kijito cha juu, mtumbwi ukacheza, nikakosa. Imebaki moja. Wawindaji wengine wanatoka na ishirini mifukoni, mimi natoka na moja kama mtu anayekwenda kanisani na mshumaa. Na siwezi kuomba risasi nyumba kwa nyumba kama mtu asiye na baba.

Kwa Matfi nilikwenda. Nilisimama mlangoni kwake, mkewe akisikia, nikamwambia, "Mzee, maboksi ya Baba yako wapi?" Unajua alifanya nini? Alinitazama, akashusha macho, akafunga mlango polepole. Asiye na hatia angenitukana.

Wewe unasema huweki, hutaki maneno yao yawe kweli. Wageni wa foleni wakisema vibaya unaumia. Kijiji kikisema Zakar na Okalena walimzika baba yao kwa kuku, hilo haliumi? Baba aliuza mashine ya boti ukaenda kusoma mjini. Nakukumbusha tu.

Zakar


Anchorage
11 Septemba 2021

Mdogo wangu,

Nakusalimu hata kama wewe hukunisalimu. Mimi ni mkubwa, na Mama alitufundisha hivyo. Nastasia anaendeleaje? Je, miguu inavimba?

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha kulia cha dukani, nikaikunja, nikarudi kazini. Jumanne mzigo ulikuja. Nilichukua boksi moja la saizi ya Baba nikalisukuma chini ya kaunta, nyuma ya karatasi za risiti. Nilijiambia jioni nitalilipia kama kawaida.

Saa tano akaja bibi kizee mmoja, wa watu kama sisi, kutoka juu mtoni, kitambaa kichwani. Akauliza kwa upole, kwa lugha yetu, saizi hiyo hiyo. Mwanawe anawinda. Nikamwambia zimekwisha. Alikuwa mfupi, Zakar, macho yake yako sawa na kaunta. Aliliona. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hilo lina mwenyewe, basi," akaanza kuondoka. Mzee wa kofia nyekundu alikuwa nyuma yake, naye ndiye aliyepiga kelele. Duka zima lilikuja. Alikuwa anafurahi, nakwambia. Mwaka mzima alikuwa anasubiri ionekane kuwa alisema kweli.

Meneja hakunifokea. Alisema amechoka, nikaamini, maana na mimi nimechoka. Alinilipa siku zangu, akaniuzia boksi lenyewe, akaniambia nisirudi. Miaka tisa. Nilitaka kumtafuta yule bibi nje nimpe, nikasimama mlangoni na boksi mkononi, nikamwona anavuka barabara. Sikumwita. Hilo ndilo linaloniuma, kazi haijaanza kuniuma bado.

Yule mwalimu wa hesabu wa shule yenu anarudi huko tarehe kumi na nane. Nimempa, atalibeba kwenye begi lake kwa taratibu zote. Akifika kumi na nane jioni, una siku mbili kamili. Mimi arobaini sitakuja. Nauli sina, na sasa hata pa kuipata sina.

Dadako,
Okalena


Kijijini
16 Septemba 2021

Dada yangu,

Shikamoo. Naanza na hilo kwa sababu nilikukosea.

Barua yako imefika jana. Nilimsomea Nastasia. Sikutaka ufukuzwe kazi. Nilitaka risasi. Nilikuwa nadhani ukisema "hakuna" ni maneno ya mjini tu.

Habari njema ni kwamba Nastasia amejifungua juzi, mtoto wa kiume, ana mapafu ya kuita boti ng'ambo. Wote wazima. Jina tunasubiri arobaini ya Baba.

Habari nyingine ni hii. Jumatatu nilimwona dume, mkubwa, amesimama kwenye matete ng'ambo ya kijito, mbali kidogo. Mkono ulikuwa umetulia, upepo mzuri. Lakini nilikuwa na moja tu. Nikasema ngoja asogee. Akasogea kidogo. Nikasema ngoja ageuke ubavu. Nikawa nafikiria ile risasi badala ya kumfikiria mnyama, na Baba alituambia mnyama anajua kama unamfikiria. Aliingia vichakani. Sikupiga. Nimerudi na risasi yangu mfukoni, nzima, kama mpumbavu.

Hata hivyo sisemi nitapata wala sitapata. Namsubiri mwalimu.

Mdogo wako,
Zakar


Anchorage
19 Septemba 2021

Mdogo wangu Zakar,

Hongereni sana! Nimelia kwa furaha, jirani akaja kugonga mlango kuuliza nani kafa tena.

Mwalimu amenipigia. Ukungu umefunga uwanja wa ndege wa Bethel anapobadilishia ndege ya kuja kwenu, ndege ndogo haziruki, amelala kwenye benchi na boksi lako kwenye begi. Sijui hata barua hii itapita lini.

Watu bado wananiuliza, mtaani, kanisani, nani anazificha risasi. Wanajua nilifanya kazi pale. Zamani nilikuwa na majibu. Sasa nawaambia sijui, napita. Nimechoka na swali lenyewe, Zakar.

Kabla hujawakaribisha watu kwenye chakula cha Baba, nenda kwa Matfi. Hata kama aliiba. Pikeni kuku, samaki, chochote. Nenda.

Dadako,
Okalena


Kijijini
24 Septemba 2021

Dada yangu Okalena,

Shikamoo. Unaendeleaje? Je, miguu imepona? Sisi ni wazima, mtoto ananyonya kama amelipwa. Barua yako na boksi lako vimefika pamoja jana, ukungu ulipoinuka. Arobaini ilikuwa imepita siku mbili. Kwa Matfi sikuwa nimekwenda. Nitakwambia yote.

Asubuhi ya tarehe ishirini na moja sikuwa na nyama. Nilitoka mara mbili na ile moja yangu, sikuona hata nyayo. Nastasia na shangazi zake waliweka sufuria tatu za kuku na moja ya samaki wa mwaka jana. Nilivaa shati la Baba, nikasimama mlangoni kupokea watu.

Wa kwanza alikuwa Matfi. Amekuja na pikipiki yake ya magurudumu manne, nyuma kuna paja zima la kulungu limefunikwa turubai. Nilitaka kuingia ndani nijifiche. Akaniambia kwa sauti, maana ananijua masikio, "Shusha, zito hili."

Nikamwuliza, "Mzee, hii ya nini?"

"Ya Evon. Kamuua mwenyewe."

Nikadhani amelewa. Akasema, "Mwezi wa tano dukani hapakuwa na kitu, nilikuwa sina hata moja. Baba yako akaniletea maboksi mawili, na kulungu huyu kafa kwa risasi hizo. Akasema, usimwambie Zakar, atagomba, huyo anapenda kuhesabu. Nikamwahidi. Ulipokuja mlangoni kwangu, ahadi ilikuwa bado mdomoni. Ningekujibu nini?"

Dada, sikumaliza kumwomba msamaha. Nyuma yake alikuwa Olinka mjane na beseni la mbavu, anasema Evon alimpa mwanawe risasi kumi. Wale ndugu wawili wa nyumba ya bluu, boksi zima, wakaja na ulimi na mgongo. Mwenye duka mwenyewe! Baba alimpa boksi, na bado alikuwa anauza yake dola mia na kumi. Huyo alileta moyo na macho hayainuki. Kila anayeingia anaweka nyama mezani na kusema alipewa ngapi, na kila mmoja alikuwa ameambiwa asiniambie. Mimi nikiwa nahesabu kimoyomoyo, sikuweza kujizuia. Kufika saa nane maboksi yote tisa yalikuwa yametimia. Kuku hawakuguswa, tumewapa mbwa.

Chakula kilipokwisha padri akauliza jina. Nikasema Evon. Basi unajua ilivyo kwetu, anayepewa jina la marehemu ni marehemu mwenyewe karudi, na pale pale wazee wakaanza kumwita mtoto "rafiki yangu", Matfi akamtia tone la mchuzi mdomoni, akamwambia, "Kula, umechoka, umewinda sana." Nikamchukua mikononi. Nilitaka kumwambia maneno mazuri mbele ya watu. Yaliyotoka ni haya: "Baba, hata boksi moja hukunibakishia? Mimi ni mwanao!" Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mimi nililia. Yeye alipiga miayo.

Sasa lililobaki ni lako. Boksi lako liko hapa mezani ninapoandika, utepe wake haujakatwa. Halikuhitajika. Ningekuwa nimekwenda kwa watu nikasema sina, wangenigawia zile za Baba siku ile ile, na wewe ungekuwa kazini kwako. Niliona aibu kuomba, nikakuagiza wewe ukaibebe aibu yangu. Wengine walilaumu meli na kiwanda, mimi nikamlaumu Matfi, nikakulaumu wewe. Habari ya risasi za Baba nimeijua, na haina wa kulaumiwa. Hii ya kazi yako nimeipindua kila upande, na kila upande nakuta ni mimi.

Sijui nitakulipa nini kwa miaka tisa. Niandikie, hata kama ni kunitukana. Ndege ya barua inakuja mara mbili kwa wiki, nami nitakuwa uwanjani siku zote mbili.

Mdogo wako,
Zakar