Mwisho wa Hadithi ya Bibi Gulsumu

Shoga yangu Mwanaidi,

Arobaini yako tumeisoma juzi. Wali ulitosha, na wale majirani waliokuwa wakikuteta ndio waliolia kuliko wote. Mimi nilijificha jikoni kwenye masufuria. Kila mtu alikuwa akinipa pole, eti shoga wa kufa na kuzikana, nami sikuwa na pa kuutia uso wangu.

Siku uliyozikwa, sisi wanawake tulibaki nyumbani kama ilivyo ada. Nikachungulia dirishani. Wanaume wakakubeba, wakapita nawe katikati ya soko mchana kweupe, na watu wote wakasimama kukupisha. Ulipokuwa hai soko hilo ulikuwa ukilisikia tu kutoka uani. Hilo ni kosa langu mimi, ndiyo maana nakuandikia.

Unalikumbuka daftari la mjomba wangu baharia? Alizisikia hadithi huko Istanbul, akaziandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Wewe hukujua kusoma. Kila alasiri ulikuja na ukili wako, ukawa unasuka huku nikikusomea. Uliyempenda ni Bibi Gulsumu, binti wa tajiri, aliyejitanda shela nyepesi akapanda gari la farasi hadi bustani ya mji, akakaa kutazama watu.

"Kutazama tu, jamani!" ulisema. "Hata mie ningeenda."

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na chama cha wanawake cha ngoma ya lelemama cha Kariakoo kilikuwa kimekukubali. Mumeo hakuwa na neno. Wangu alikuwa ameshanikataza kabisa. Ukaja na doti yako ya kanga za sare, ukajizungusha nayo uani kwangu, nami nikaisifu huku roho ikiniuma. Wivu, shoga. Sina jina jingine la kuupa. Kisha ukakaa, ukaniambia nimalizie hadithi.

Katika daftari, Gulsumu anarudi kwao jioni, anakung'uta vumbi la viatu, anaagiza kahawa. Basi. Hakuna kinachompata. Mimi nikasoma kwamba kijana mmoja alimwona, maneno yakaenea mji mzima, baba yake akamfungia ndani, akafa kwa aibu. Nilisoma taratibu, kidole kikipita juu ya maandishi, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Ukili ukakuponyoka mkononi.

Kesho yake ukajitoa chamani. Doti ukanipa mimi. "Chukua wewe, mie sitaki kumwaibisha baba watoto." Nami nikaipokea, Mwanaidi! Mume wangu aliponiacha nikaingia chama kile kile, nikaivaa. Tulipita na ngoma mbele ya nyumba yako, tukienda harusini, nikakuona mlangoni, nusu umejificha nyuma ya pazia, unanipigia vigelegele. Ungenitukana ningeona afadhali.

Miaka yote ile ningeweza kukwambia. Nilikuja kwako, nikala, nikacheka, nikaenda zangu.

Jana amekuja mwanao Zuhura, kaniamkia shikamoo, kakaa pale pale ulipokuwa ukikaa. Shuleni wamemfundisha herufi za Kizungu tu, kwa hiyo aliniomba nimsomee. "Mama mdogo, ile ya Gulsumu, mama alikuwa akiitaja sana." Safari hii nikasoma kama ilivyoandikwa. Akanitazama.

"Mbona mama alisema alikufa?"

Mdomo ulikuwa wazi tayari kusema kweli, ukakataa. Nikamjibu, "Mama yako alisahau, mwanangu."

Nimekusingizia hata ukiwa kaburini. Usiku kucha nimejigeuza kitandani, na asubuhi nikatafuta karatasi.

Zuhura anakuja tena Ijumaa. Nakuahidi nitamwambia kuwa wewe hukusahau neno hata moja. Mimi ndiye niliyesoma kisichokuwepo, kwa kuwa sikutaka utoke nikabaki ndani peke yangu. Akiniuliza zaidi, nitamwambia na habari ya doti. Na akikataa kuniita mama mdogo tena, nitaitika jina langu.

Lala salama, shoga. Mungu akupe nafasi huko uliko.

Ni mimi,
Sharifa