Sauti Mbili za Shangazi Zipora

Kikuyu, Dodoma
4 Machi 2002

Mwanangu Obedi,

Mbukwa. U mzima huko kwenye baridi? Sisi hatujambo, ila mvua imekata mapema.

Kompyuta uliyoniletea inanisomea vizuri. Tangu macho yanizimikie, barua zangu zilikuwa zinasomwa na jirani yangu Evodia, na jioni mtaa mzima unajua habari zangu. Sasa barua zinakuja kwenye diski, nasoma na kuandika peke yangu, hata mitihani ya shuleni ninakofundisha. Ila hiyo sauti! Inasoma Kiswahili kama padri aliyeshuka kwenye ndege jana. Nasikia wewe na wenzako mnaotengeneza programu hii bure mna sauti mpya. Mbona huniletei?

Shangazi yako,
Zipora

Oslo
2 Aprili 2002

Shikamoo shangazi,

Mimi mzima, nakula na kulala.

Sauti mpya ipo, lakini ikishindwa neno inanyamaza moja kwa moja. Wenzangu wamenipa kazi ya kuamua kipi kiingie kwenye toleo imara, lile watu wanalolitegemea, na kipi kibaki kwenye majaribio. Silvano, aliyeitengeneza, ameninunia. Anasema programu itazeekea mikononi mwangu. Wengine wanasema nikimsikiliza watu watatukimbia. Vumilia kidogo.

Mwanao,
Obedi

Kikuyu
29 Aprili 2002

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, baba yako naye hajambo. Ila sijaridhika.

Hao wanaojaribu, si wote wanaona? Sauti ikinyamaza wanatazama kioo cha kompyuta, wanaendelea na chai yao. Mimi ndiye nitakayejua ubovu wake. Baba yako kila mwaka anapanda uwele tuliouzoea, na pembeni anatenga kipande cha mbegu mpya. Nitumie sauti zote mbili.

Shangazi

Oslo
25 Mei 2002

Shikamoo shangazi,

Umenishinda. Diski hii ina sauti zote mbili. Mpya ikikwama, bonyeza F9 na ya zamani itarudi. Nimejaribu mwenyewe, inarudi.

Jambo la pili ni la kwako peke yako. Nimepata mchumba, Rukia, dada yake Masudi niliyesoma naye. Ni Mwislamu. Unajua baba ni mzee wa kanisa. Naogopa, shangazi. Naomba wewe ndiye uanze kuzungumza naye. Mtu mwingine asijue.

Mwanao,
Obedi

Kikuyu
9 Agosti 2002

Obedi,

Naandikiwa na Evodia, kwa hiyo nitasema machache. Anakusalimu.

Sauti mpya ilisoma tamu kweli, mpaka “jambo la pili ni la kwako peke yako”, ikanyamaza. Nimebonyeza F9 mpaka kidole kinauma. Nimezima, nimewasha, kimya. Evodia kajitolea kunisomea. Nimekifunika kioo kwa kanga na kanga nimeifunga fundo. Una shida gani, mwanangu? Silali.

Shangazi

Oslo
1 Septemba 2002

Shikamoo mama Evodia,

Tafadhali msomee shangazi: mimi mzima, asiogope. Abonyeze F9, halafu herufi N.

Shangazi, ukibonyeza F9 mashine inauliza kwa maandishi, “Una uhakika?” Sisi tuliliona swali hilo, tukajibu N ya “ndiyo”, wala haikutupitia akilini kwamba wewe hulioni. Nimeona aibu. Sasa tumekubaliana, hata Silvano: sauti ya majaribio ikikwama, ya zamani iamke yenyewe, bila kuuliza. Na hakuna sauti itakayoingia toleo imara kabla wewe hujaitumia.

Obedi

Kikuyu
20 Oktoba 2002

Mwanangu Obedi,

Mbukwa. Naandika mwenyewe.

Nilibonyeza N, padri wangu akaamka, akanisomea mpaka mwisho. Nililia kidogo. Evodia aliuliza kulikuwa na nini. Nikamwambia mambo ya kompyuta.

Baba yako nilizungumza naye shambani. Siku mbili alikwenda huko peke yake. Ya tatu akauliza kama huyo binti anakula mboga yetu ya mlenda. Nikasema atajifunza. Akasema mje Krismasi, lakini amelitaja kanisa mara nyingi, jiandae.

Diski ya pili, yenye marekebisho yenu, imefika. Mitihani ya wanafunzi wangu naandika kwa sauti ya zamani, jioni nafungua mpya. Jana ilikwama, ya zamani ikadaka yenyewe. Lakini mwambie Silvano akazane. Padri wangu analitamka vibaya mno jina la Rukia, nami nataka kulizoea sawasawa kabla hajafika.

Shangazi yako,
Zipora