Toleo la Tatu la Ami Lamjed

Jumatatu, 4 Novemba

Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka. Msimu wa zeituni umefunguka, mji mzima wa Sfax unanukia vinu vya mafuta, simu ya ofisi haipumui. Kazi yangu ni kuandika mwongozo wa programu inayoendesha mashine za kukamua, na kuutunza kwenye tovuti. Siku hizi naona mwongozo ni mimi mwenyewe.

Ami Lamjed, mwenye kinu kule Jebiniana, amepiga tena. Mara ya nne! Mashine yake bado ina toleo la tatu la programu, lakini kila akiifungua tovuti inampeleka kwenye la nne. Aanze upya kutafuta kurasa zake, na vidole vimejaa mafuta. Akaniambia kwa ule upole wake unaoudhi kuliko matusi:

"Mwanangu, mwenye mkahawa hapa anajua sukari yangu bila kuniuliza. Nyinyi wa kompyuta mnashindwa nini?"

Nikamwambia nitaona la kufanya. Nimekula mkate mkavu na harisa, ile pilipili ya kusaga, nikalala.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemaliza. Ukichagua toleo sasa, kompyuta yako inalikumbuka. Ukirudi kesho unalikuta hilohilo. Siku tatu za kazi, macho yamevimba.

Nikampigia Ami ajaribu. Alifurahi — kwa dakika moja. Kisha akaanza na ule utepe wa njano juu ya ukurasa, unaosema "Unasoma toleo la zamani." Eti kila asubuhi anaambiwa amepitwa na wakati na kitu ambacho hakijaota hata jino. Nikacheka, mara ya kwanza wiki hii. Nikauondoa utepe kwa kila aliyechagua toleo mwenyewe. Aliyechagua si anajua alichochagua?

Jumanne, 26 Novemba

Balaa Jebiniana.

Bi Mabrouka, mjane wa kule, alipeleka jana zeituni zake zote za mwaka. Mafuta yakatoka yamekufa. Hayana harufu, hayana ule ukali wa kooni. Desturi yao, mwenye zeituni huja na mkate wake, akachovya mafuta ya kwanza mbele ya watu. Bi Mabrouka akachovya, akatafuna, akauweka mkate chini. Ami anasema afadhali angemtukana.

Mondher, fundi wetu, alikuwa kule wiki iliyopita akamwekea Ami toleo la nne. Jana Ami akafungua mwongozo ahakikishe joto. Ukamwambia andika arobaini, akaandika arobaini. Baadaye Mondher akamwambia kwenye simu kwamba mwongozo unasema ishirini na saba.

"Niliona arobaini, Hajer. Au ndiyo nimeanza kuona visivyokuwepo?"

Nikamwambia nitaangalia.

Jumatano, 27 Novemba

Nimeangalia. Katika toleo la tatu unaandika joto la maji yanayozunguka nje ya pipa la kukorogea zeituni: arobaini. Katika la nne unaandika joto la zeituni zenyewe zilizosagwa: ishirini na saba, likizidi sana hapo harufu inakufa. Mondher alibadilisha programu ya mashine, hakuna aliyegusa tovuti. Ikaendelea kumfungulia la tatu kwa uaminifu wote. Na utepe ambao ungemwonya niliung'oa mimi. Mimi, kwa kumwonea huruma!

Nimeurudisha kabla hata ya kunywa chai. Nikaenda kwa bosi wangu, Naoufel, nikamweleza yote. Akafunga mlango. Akasema Ami mwenyewe amekiri kwamba alikosea, msimu uko katikati, na wenye vinu wengine wakisikia watatukimbia. "Funika kombe, Hajer."

Nikarudi mezani kwangu. Sikubisha. Nilijiambia nimechoka, na kweli nimechoka, lakini hiyo si sababu.

Ijumaa, 29 Novemba

Ami amepiga. Kesho anamkabidhi mpwa wake Ridha ufunguo wa chumba cha mashine. Miaka thelathini na nane inatosha, anasema, mtu asiyeamini macho yake asikamue zeituni za watu. Ananikaribisha. Nikasema nitakuja. Sikusema jingine lolote, mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 30 Novemba

Niko kinuni. Naandika nimekaa juu ya magunia, watu bado wanaingia. Ami ametoa mitungi ya mafuta ya nyumbani kwake, yote, ampe Bi Mabrouka. Yeye na mkewe watakula nini mwaka huu, sijui. Bi Mabrouka anakataa; Ami anamsogezea mtungi, yeye anaurudisha.

Ridha amemletea karatasi ya makabidhiano. Ami ameisoma akiwa amesimama, bila miwani, akamwonyesha tarehe iliyokosewa. Watu wanamsifu kwa kujua wakati wake umefika. Mwanamume mmoja amemwambia mkewe, kwa sauti ya kusikika, kwamba uzee hauna dawa. Ami amekubali kwa kichwa.

Naoufel anapiga. Sipokei.

Sasa Ami amenyamazisha watu. Anawaambia huyu ni Hajer, ndiye aliyeandika mwongozo, hana sababu ya kumsingizia yeye wala kumpendelea. Anataka niwaambie mwongozo ulisema nini siku ile, ili asibaki mtu wa kudhani Ami anaonewa. Ridha ameshanyoosha mkono apokee ufunguo. Bi Mabrouka ameuacha mtungi, ananitazama mimi.

Nimesimama, naandika nimeegemea ukuta. Ami anasema, "Sema tu, mwanangu, usinionee huruma," na mimi nalifunga daftari niwaambie: arobaini.