Kopo Moja kwa Ngozi Nne

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko imeanza kukuonea huruma. Goti linaendeleaje? Na lile hita linalokukausha midomo, bado linakoroma usiku kucha? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri na anamsema kila mtu, kwa hiyo ujue afya ipo. Wifi yako naye mzima. Mimi nipo getini pale pale, nawafungulia wenye magari na kuwasoma nyuso bila malipo.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu wewe huongea na mimi huitikia, na leo sitaki kuitikia.

Umemlalamikia Mama kwamba binti yangu hapokei simu zako. Umesema ameota mapembe, kwamba tangu apate kazi kwenye duka la vitambaa anamwona shangazi yake si kitu, na kwamba hata asante ya yale mafuta ya uso hujaisikia. Mdogo wangu, kaa chini. Tuanze na hayo mafuta.

Kopo lako lilipofika lilipokelewa kama mgeni wa heshima. Zuri, zito, mafuta yenyewe mazito kama siagi. Ulisema limekuokoa uso ulipokuwa unachanika kwa baridi. Nakuamini. Lakini huku hakuna baridi. Huku mtu anatoka jasho akiwa ameketi. Ulitutumia kilichokufaa wewe, bila kuuliza sisi tuna nini.

Na Mama unamjua. Zawadi ya mwanawe haiwezi kutumiwa na huyu, yule akaachwa. Kwake huo ni ubaguzi. Kopo likawekwa kwenye kirafu karibu na mlango, na kila asubuhi akawa anasimama pale kama mkaguzi. Hutoki mpaka amechovya kidole na kukupaka paji, pua, mashavu na kidevu. Nimepakwa mimi, mtu mwenye mvi na sare ya kazi. Nilifika getini nang'aa kuliko boneti za magari, na hii ngozi yangu, ambayo hata sabuni ya manukato huichokoza, ikawasha mpaka mchana. Mwenye gari jeupe akaniuliza kama nina sherehe.

Mimi niliwashwa tu. Binti yangu aliota vipele. Vilianza kidevuni, vikapanda kwenye paji, mwisho mashavu yote, vingine vinauma hata akilalia mto. Na badala ya kulaumiwa kopo, akalaumiwa yeye. Mama akasema ni chipsi. Jirani wa dirisha la pili akasema ni mapenzi. Mtoto wa watu akaanza kunawa kwa sabuni ya kufulia, kutwa nzima, anajisugua kwa dodoki kama anayeosha sufuria iliyoungua. Vikazidi.

Hapo ndipo wewe ukapiga simu ya picha, siku ambayo tuna wageni sebuleni. Mama akamwelekezea kamera. Ukamtazama, ukacheka, ukasema, "Jamani, kwani huyu mtoto hanawi uso? Mwambieni anawe." Wageni wakacheka kwa adabu ya wageni. Yeye akainuka kwenda kutazama jikoni, ingawa jikoni hakukuwa na kitu motoni. Tangu siku hiyo hajaongea nawe. Hukujua ni kwa nini? Sasa unajua.

Kazini nako yakamkuta. Bosi wake, bwana mmoja ambaye tumbo lake hufika kaunta kabla yake, alimwondoa mbele akampeleka stoo, eti wateja wa vitambaa vya harusi hawapendi kuona uso wa namna ile. Akamwambia atarudi akishatakata. Msichana aliyeweza kumtajia mteja rangi inayomfaa kabla mteja hajafungua mdomo, sasa anapanga marobota gizani pamoja na mende.

Hapo nikachoka. Nikaomba ruhusa, nikampeleka kliniki ya ngozi. Tulipokelewa na muuguzi asiye na maneno mengi. Aliuliza anapaka nini, nikamweleza. Akauliza nani mwingine anayapaka, nikasema nyumba nzima. Akataka kujua kama na viatu tunavaa jozi moja.

Akatupa zoezi la kufanya nyumbani. Jumamosi asubuhi tukanawa sote kwa sabuni laini, tusipake chochote, tukakaa sebuleni saa nzima na nyuso tupu, tukitazamana kama watu waliokutana kituo cha polisi. Kisha kila mmoja akajibandika tishu usoni. Ya Mama ilitoka kavu, na mwenyewe akakiri kwamba ngozi inamvuta kama ngoma iliyoanikwa. Ya wifi yako ilikuwa na mafuta ya paji na pua, mashavuni hakuna kitu; huyo ni mchanganyiko, jambo nililolishuku tangu nimuoe. Ya kwangu ilikuwa safi, ila nilipoibandua pakawasha na kubaki alama. Mimi ngozi yangu inadeka. Ya binti yangu ililowa mafuta kila upande, ungeiweka juu ya gazeti na kusoma habari zote.

Nyumba moja, ngozi nne, kopo moja. Lile kopo ni la ngozi kavu. Linamfaa Mama peke yake. Kwa binti yangu lilikuwa linaziba vitundu ambavyo tayari vimejaa, na hiyo sabuni ya kufulia, muuguzi alisema, ilizidi kuiudhi ngozi iliyokwisha kuudhika. Sasa ananawa asubuhi na jioni kwa sabuni laini, anapaka losheni nyepesi isiyo na mafuta na dawa kidogo aliyoandikiwa, na vipele havibinyi. Limau na dawa ya meno, alizoshauriwa na jirani, zimepigwa marufuku. Polepole vinalala.

Siku ile ya tishu, binti yangu alimpelekea bibi yake mkononi ile tishu yake iliyolowa. Hakupandisha sauti. Akasema, "Bibi, mimi siyo mchafu. Ona."

Mama aliishika, akaigeuza upande wa pili, kisha akainuka, akalichukua kopo pale mlangoni akaenda nalo chumbani kwake. Kesho yake asubuhi alisimama mlangoni kama kawaida, mikono nyuma, kama mtu aliyestaafishwa ghafla. Binti alipopita, alimshika mkono kidogo, akamwachia.

Kwa hiyo Mama ameelewa. Bosi bado. Wiki iliyopita aliingia stoo, akamkagua kama anayekagua nguo iliyotoka kwa dobi, akamwambia sasa ameanza kutakata, arudi kaunta. Binti yangu akamjibu, "Nitarudi, bosi, ila hilo neno ulifute kwanza. Nilikuwa naumwa ngozi, sikuwa na uchafu." Mpaka leo yuko stoo. Nilimuuliza kama haogopi kufukuzwa. Akasema anaogopa sana. Mimi nimewafungulia wakubwa geti miaka yote hii, na sijawahi kumwambia hata mmoja afute neno.

Umebaki wewe. Sitaki utume kopo lingine, hata kama limeandikwa kwamba linafaa ngozi zote; hasa kama limeandikwa hivyo. Nataka umpigie mwanao simu, ya sauti tu, si ya picha. Usimwambie amependeza, maana hujamwona. Usimuulize habari za vipele. Mwambie kwamba uliyoyasema mbele ya wageni hayakuwa kweli na hukupaswa kuyasema. Wewe ndiye shangazi. Shangazi akimcheka mtoto, bosi wa watu tutamkataza kwa mdomo gani?

Asipopokea, rudia kesho. Akipokea akanyamaza, usikate. Subiri naye.

Mama anakusalimu sana, na anasema mafuta ni mazuri, yanamtosha kabisa. Wifi yako anakusalimu na anaulizia goti. Tusalimie shemeji na watoto. Mola akupe afya, akulinde uendako na urudipo.

Salamu za binti yangu sina. Hizo utazitafuta mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata leo nikiwa nimenuna.