Karatasi za Karanga

Jumatatu, 3 Machi
Karanga za leo zimeungua kidogo. Mawazo. Huu mwezi wa nne tangu Baba Nyemo atutoke, na bado nikisikia geti la ghala la mahindi nadhani ndiyo anatoka lindo. Nimeuza zote kwenye mabasi ya Dar. Karatasi za kufungia zimeisha. Kesho nichane madaftari ya Nyemo ya mwaka jana, yapo kwenye boksi chini ya kitanda.

Mwenyewe yuko mlangoni anasoma, midomo inacheza. Akikosa kitabu anasoma hata gunia la mbolea. Sijui kaitoa wapi tabia hii. Mimi sishindi nyumbani, na baba yake hakujua kusoma.

Jumanne, 4 Machi
Nimechana madaftari matano. La mwisho halikuwa na jalada, wala tiki ya mwalimu hata moja. La kuchezea hilo. Karatasi zake zilisokoteka vizuri. Kibaigwa leo malori mengi, karanga zimekwenda zote.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu.

Nyemo ametoka shule akainama chini ya kitanda, hakuinuka. Nikamuuliza anatafuta nini. Daftari la baba. Daftari gani la baba? Ndipo akaniambia. Kila jioni, mimi nikiwa barabarani na beseni, baba yake alimsimulia hadithi kwa Kigogo kabla ya kwenda lindo. Nyemo akaziandika kwa Kiswahili, kisha akamsomea. Mzee anasikiliza, anashangaa, anacheka, utadhani hajawahi kuzisikia. Miaka miwili hiyo. Mimi nilijua wananisubiri chakula tu.

Nilimwambia nimefungia karanga. Hakulia. Alisema, "Sawa, mama." Bora angelia. Bora angenitukana.

Jumapili, 9 Machi
Kutoka kanisani nimepita stendi na kando ya barabara naokota karatasi. Wenzangu wauza karanga wamenicheka, halafu wakaacha kucheka. Nimepata mbili, zote za hisabati. Nyingine zimeshukia Morogoro, Singida, wapi sijui. Watu wamekula karanga, wametupa dirishani. Mimi ndiye niliyewapa.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemnunulia kitabu cha hadithi, kipya, kina picha za rangi. Akasema asante. Akakiweka juu ya kabati. Hakukifungua.

Hasomi. Gunia la mbolea lipo palepale, hata halitazami. Leo nimempigia kelele: soma! Akakishusha, akasoma ukurasa mzima kwa sauti kama anayehesabiwa viboko, akakirudisha. Nimeona haya. Baba yake hakuwahi kumwambia soma. Alikuwa anamsikiliza.

Jumatano, 19 Machi
Nimepata moja! Ilikuwa kwenye kopo, nimefungia chumvi ya karanga. Mwandiko wa Nyemo, pande zote mbili. Nimeisoma nimesimama jikoni mpaka karanga zikaungua tena. Mwisho wake hivi: "Sungura akasikia hodi. Akajua ni baba yake anatoka lindo. Akakimbia kufungua mlango, akakuta"

Basi. Karatasi imeishia hapo.

Jumapili, 23 Machi
Leo sikwenda barabarani. Jioni nimekaa na Nyemo mlangoni, pale walipokuwa wakikaa wao. Nikamsomea ile karatasi. Kusoma kwa sauti sijazoea, nakwama, hakunisahihisha. Nilipofika "akakuta" karatasi ikaisha. Nikamuuliza Sungura alikuta nini.



"Sikumbuki, mama. Baba ndiye alikuwa anakumbuka."

Tukalia wote wawili. Mara ya kwanza kulia pamoja tangu msiba.

Baadaye akaichukua karatasi, akaikung'uta chumvi, akainyoosha gotini kwa kiganja. Akashusha kile kitabu kipya, akaiweka ndani. Hakukirudisha kabatini. Amelala nacho.